Mama Fagio wa Jukwaa la Jua (1957–2024)

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, kama saa kumi na mbili kasoro robo jioni, katika uwanja wa mpira wa mji huu. Ilikuwa upande ule usio na paa ambao sote tunauita jukwaa la jua. Timu yetu ilikuwa imefungwa bao dakika ya mwisho. Watu walikuwa wameshaondoka, mimi nimebaki nimeinamisha kichwa. Nikahisi ufagio umegusa kiatu changu. Nilipoinua macho nikamwona mama mfupi, kilemba cheusi, mpini mrefu mkononi.

“Kijana, inua miguu,” akaniambia. “Na kama unataka kulia, hamia kule. Huku nimeshafagia.”

Niliinua miguu. Nikaona kiatu chake cha kushoto kimefungwa kwa kamba, na mimi kazi yangu ni kushona viatu. Nilimwomba anipe nikamshonee. Kesho yake nilipompelekea nyumbani, mlango ulifunguliwa na binti yake mkubwa. Huyo ndiye mke wangu. Tulifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 2001, na tangu siku hiyo marehemu hakuniita mkwe hata mara moja. Aliniita “baba”, nami nilimwita Mama.

Mama alizaliwa tarehe 2 Mei 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa baba mchoma matofali na mama mfuma mikeka. Alianza shule mwaka 1965 akaishia darasa la nne, kwa sababu mama yake aliugua na wadogo zake walihitaji mlezi. Kusoma hakuacha. Alisoma kila karatasi iliyofika mkononi mwake, hata zile alizozifagia. Alikuwa akisema kwamba wengine walisomea kwenye madawati na yeye alisomea kwenye takataka.

Mwaka 1978 aliolewa na mpiga chokaa wa uwanja, yule mzee wetu aliyechora mistari ya kiwanja kwa miaka thelathini bila kutumia kamba. Mungu aliwajalia watoto watatu. Ndoa yao ilikuwa ya utani mwingi. Mzee alipenda kusema kwamba yeye anachora na mkewe anafuta, na Mama alikuwa akimjibu kwamba mstari usiofutwa hauonyeshi kama mchoraji bado anajua kazi. Mzee alifariki mwaka 2009.

Kazi ya kufagia uwanja Mama aliianza mwezi Juni 1983 akaifanya kwa miaka thelathini na mitano. Watu wengi hapa mnamkumbuka na ufagio, lakini pengine hamjui alivyofanya kazi. Kila baada ya mchezo alihesabu magunia. Mwaka 1990, jukwaa la jua peke yake lilimpa magunia arobaini na sita ya takataka. Nilipoanza kumfahamu yalikuwa thelathini. Mwaka 2012 yalikuwa tisa. Viongozi walikuwa na takwimu zao, ila Mama alijua watu wanapungua kabla yao, na alijua ni watu gani. Siku moja mwaka 2003 alinionyesha gunia lililo wazi akaniuliza naona nini. Niliona maganda ya karanga, chupa na vipande vya sigara. Akasema tatizo ni kile nisichokiona: hakuna karatasi hata moja ya pipi. Watoto wameacha kuja, na watoto hawaji mpirani peke yao, huletwa.

Hapa naomba mniwie radhi, maana msibani watu hawapendi kusikia habari za choo. Lakini maisha ya Mama siwezi kuyaeleza nikairuka habari hiyo.

Chini ya jukwaa la jua kuna vyoo viwili. Cha wanaume kilikuwa wazi, ingawa kuingia kulitaka moyo. Cha wanawake kilifanywa stoo mwaka 1995. Ndani yake ziliwekwa nyavu za magoli na mifuko ya chokaa, chokaa ile ile ya baba mkwe wangu. Ufunguo alikabidhiwa Mama, na amri ilikuwa kwamba mlango usifunguliwe siku ya mchezo, nyavu zisiibwe. Mwanamke aliyebanwa alielekezwa nje, nyumba ya tatu, aombe. Na getini kulikuwa na sheria: anayetoka harudi.

Jumapili ya tarehe 6 Agosti 2006 nilikwenda uwanjani na mke wangu, akiwa na mimba ya miezi saba ya mtoto wetu wa pili. Alikuwa mpenzi wa mpira kunishinda, amekulia pale. Kabla ya mapumziko alibanwa akamwendea mama yake. “Mama, nifungulie,” alimwambia. Katibu msaidizi wa klabu alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, na wiki iliyotangulia mfagiaji mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kumfungulia dada yake choo cha upande wa pili. Mama alishika funguo kiunoni, akamtazama katibu, akamwambia binti yake aende nje kama wenzake.

Alikwenda. Aliporudi, mlinzi wa geti alikataa kumwingiza, na tiketi alikuwa nayo mkononi. Alisimama nje juani mpaka mpira ulipokwisha. Mimi nilikuwa ndani nikidhani yuko kwa mama yake. Bao letu lilipoingia niliruka na wenzangu, na yeye alilisikia akiwa upande wa pili wa ukuta. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema neno moja tu, kwamba pale hatakanyaga tena. Mke wangu hasemi jambo mara mbili. Hakukanyaga. Wasifu huu ameusoma kabla ya leo, nami nilimwuliza kama niiondoe sehemu hii. Amesema nisifute kitu.

Mama na binti yake hawakugombana. Walipikiana, waliuguzana, walicheka. Lakini habari za uwanja zilipoanza, mmoja alinyanyuka kwenda kutazama moto jikoni, hata kama jiko halina moto.

Tangu hapo Mama alianza jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Kila Jumatatu, akishamaliza kufagia, alikwenda kuwatembelea wanawake waliokuwa wakikaa jukwaa la jua zamani, mmoja mmoja, kuwauliza kwa nini hawaji. Muuza mitumba alimwambia ni bei ya tiketi. Mwalimu mmoja alimwambia ratiba hubadilishwa Ijumaa jioni, na mara mbili aliwafikisha wanafunzi wake kwenye geti lililofungwa. Wengi walisema wanatazama kwenye televisheni. Mama hakubishana. Alikunywa chai aliyopewa, akangoja. Ikifika kikombe cha pili, alinisimulia, ndipo walipokuwa wakilitaja jambo lenyewe, la choo, tena kwa sauti ya chini. Alipiga hesabu kwamba mwanamke mmoja akiacha uwanja, haachi peke yake. Watoto hubaki naye nyumbani, na mume baada ya miezi miwili huchoka kwenda mwenyewe.

Siku yake ya kusema ilifika Jumapili, tarehe 23 Novemba 2014, kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Mwenyekiti alikuwa amezungumza kwa saa nzima kwamba ligi za ng'ambo kwenye televisheni ndizo zinazoua uwanja wetu. Ilipofika sehemu ya mengineyo, Mama alinyoosha mkono. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, jasho linanitoka kwa niaba yake.

“Mwenyekiti, hata mimi ninayo televisheni,” alisema. “Kuishinda mtapata tabu. Yangu iko hatua saba kutoka chooni.”

Ukumbi mzima ulicheka. Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi, kisha mkutano ukafungwa kwa sala. Kwa miaka mingi baadaye wanaume walimwamkia njiani “Shikamoo, Mama Hatua Saba,” naye aliitika marahaba na kucheka nao. Nyumbani hakucheka. Jioni ile alikaa kwenye kigoda akivua viatu akaniambia, “Wamecheka, baba. Mtu akishacheka huona ameshajibu.”

Mwaka 2017 klabu iliamua kujaza uwanja. Tangazo lilitolewa kwamba Jumamosi, tarehe 4 Machi, wanawake wote wataingia bure. Sisemi kwa ubaya, na viongozi wa sasa si wale wa wakati ule. Lakini walifikiria ngoma, wakafikiria fulana, wakafikiria mgeni rasmi na kiti chake. Mlango ule hakuna aliyeufikiria, isipokuwa mwenye ufunguo.

Mama alikuwa na miaka hamsini na tisa. Asubuhi ile alimpitia mke wangu nyumbani. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, akasema, “Njoo leo. Leo nafungua.” Mke wangu alimjibu kwamba ana nguo za kufua. Mama akaenda zake. Alipofika uwanjani alifungua bila kumwuliza mtu. Yeye na wafagiaji wenzake watatu walitoa nyavu, wakatoa chokaa, wakasugua sakafu. Bomba lilikuwa kavu. Wakachota maji kwenye bomba la vyumba vya wachezaji, ndoo baada ya ndoo, tangu saa sita mchana.

Wanawake walijaa. Waliokuwepo wanasema jukwaa la jua halikuonekana saruji. Lakini matundu yalikuwa mawili tu na ndoo zilikuwa sita. Mapumziko yalipofika, foleni ilizunguka mpaka nyuma ya ubao wa magoli, na kipindi cha pili jukwaa likawa kama shule wakati wa likizo. Mfagiaji mwenzake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba Mama alitandika kitambaa kwenye ngazi ya tatu kushikilia nafasi ya mtu. Kila aliporudi na ndoo alikitazama. Mpira ulipokwisha alikikunja akakitia mfukoni, akaanza kufagia.

Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo, kwa sababu wavu mmoja ulichanika ulipoburutwa. Kwenye ripoti ya siku ile klabu iliandika kwamba wanawake wa mji huu hawana mwamko wa mpira. Mama aliisoma ripoti hiyo kwenye gunia lake, maana hata ripoti hutupwa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2018. Alikabidhi ufunguo, na nyavu zilirudishwa mle ndani. Kwa ninavyojua, ziko mle hadi leo.

Mwezi Januari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alituambia moyo umepanuka. Alilazwa mara nne. Kwa miezi minane mke wangu alimwogesha, alimlisha, alimchana nywele, na usiponiuliza sitasema ni mara ngapi alilala kwenye kiti. Mama naye aliugua kwa adabu. Aliomba radhi akiuguzwa, akawatania wauguzi kwamba wodi yao inafagiwa na mtu asiyependa kona. Mimi kila Jumapili nilipotoka uwanjani nilipita kumsalimia. Hakuniuliza matokeo. Aliniuliza jukwaa la jua lilikuwa na watu wangapi, na mara nyingine, namwomba Mungu anisamehe, niliongeza.

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake mkubwa.

Ameacha watoto watatu: mke wangu, shemeji yangu ambaye ni dereva wa lori, na shemeji yangu mdogo ambaye ni mkunga. Ameacha wakwe watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, wadogo zake wanne, na wafagiaji wenzake watatu ambao leo wamekaa na familia, na ndipo mahali pao. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na klabu kwa shada la maua. Mungu amlaze Mama penye pumziko, asishike tena ndoo.

Nimebakiza jambo moja, ambalo mke wangu amenitaka niliseme mbele yenu.

Jumatatu, siku moja kabla hajatutoka, nilifika wodini kama saa kumi jioni. Mke wangu alikuwa ametoka kufuata dawa dirishani. Nilikuwa nimenunua tiketi mbili za mchezo wa Jumapili, za jukwaa la jua. Nilidhani nikimbembeleza mke wangu akaenda, walau nusu saa, akarudi akamsimulia mama yake, basi lile jambo lingekwisha kati yao wakati bado yupo wa kusimuliwa. Nilimwonyesha Mama tiketi na kumweleza nia yangu. Alizishika, akazisoma pande zote mbili kama alivyosoma kila karatasi. Kisha akanirudishia, akanifumbatisha vidole juu yake.

“Usimlazimishe, baba,” alisema. “Mwanangu alikuja, akaniomba, na ufunguo nilikuwa nao.”