Muto wa Makuta

Mukazamwana wangu Phébé njo alinielezea hii mwaka wa vita, siku ile alishuka mu train ya kutoka Kabondo-Dianda.

Mule mu train, mbele yake, mama mumoja mwenye kuuzisha samaki alikumbatia muto wa kulalia. Mwalimu mumoja wa pembeni akamuchekelea: «Mama, muto iko na mutoto ndani?»

«Iko na makuta, zaïre za zamani, mwalimu. Za kusomesha binti yangu. Ninaenda kuzibadilisha ku banki.»

«Mbona haukuziweka kule tangu zamani?»

«Bwana yangu aliweka zake. Banki ikafunga mulango, akafa akingojea.»

Mwalimu akaacha kucheka. «Mama, ministère ya finances ilisema ku radio: mwisho wa kubadilisha ilikuwa juzi.»

«Juzi train ilikuwa imekufa mu pori na sisi ndani!»

«Bakubwa ba Kinshasa habayue train yetu, mama.»

Train ikasimama tena. Mwalimu akageukia dirisha, akasinzia. Mama akalaza kichwa juu ya muto, juu ya masomo ya binti yake, naye akalala.