Maandishi ya Saa Moja Kamili

Mbukwenyi ndugu zangu, wakubwa shikamooni, Wakristo Bwana asifiwe, na nyie Waislamu wa upande wa jirani yetu Hamida asalaam aleikum, mimi Yudith, shangazi wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma historia yake, lakini kabla sijaanza tutaapishana hapa hapa chini ya turubai, kwamba nitakayoyasema hayatoki nje mpaka niwaambie tayari, hakuna kupiga picha ya jeneza, hakuna kuweka mshumaa kwenye status, hakuna kumtumia mtu ujumbe wa pole, na nyie wanafunzi wa chuo pale Chimwaga nawaona, nawajua mnavyorusha mtandaoni hata sahani ya maharage, leo mtaniheshimu.

Sababu ya kiapo ni kwamba marehemu ana rafiki yake kipenzi, anaitwa Restuta, yuko hospitali Dar es Salaam na leo hii asubuhi ndiyo anafanyiwa operesheni ya saratani, na mumewe Luka amemficha msiba huu tangu Jumapili, maana mwezi wa sita Restuta aliwahi kuikimbia operesheni hiyo hiyo, na madaktari walisema akikimbia tena hawana cha kumfanyia, kwa hiyo Luka anaogopa kwamba akisikia mwenzake amekufa atabeba mkoba aondoke. Haya, semeni amina tujue mmeapa, na yule baba wa nyuma kabisa sijamsikia.

Marehemu Emiliana Ndahani alizaliwa tarehe 9 Aprili 1984 kijijini Handali, mtoto wa tatu wa kaka yangu marehemu Lameck Ndahani, na alizaliwa shambani kwenyewe, mama yake alikuwa juu ya kichanja anafukuza ndege wasile uwele, uchungu ukamkuta huko, kwa hiyo waliomsikia Emiliana kwa mara ya kwanza ni ndege, na walikimbia wote, cheka tu mama, hata mwenyewe alikuwa akicheka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1992 mpaka 1998, akaenda sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2002, hakuchaguliwa kuendelea, akaja mjini Dodoma akajifunza kupiga chapa na kompyuta, mwaka 2006 akaajiriwa kwenye steshenari moja pale Majengo, na mwaka 2010 akafungua ya kwake karibu na chuo kikuu, akawa anawachapia wanafunzi utafiti wao, na mwanafunzi akikosea alikuwa anamwambia, "Mdogo wangu, hii sura ya tatu umeibeba kwa mwenzako, nimeichapa mwenyewe wiki iliyopita." Tarehe 26 Novemba 2011 alifunga ndoa na Denis Mahimbo, fundi umeme, huyu hapa mbele, wakajenga Chang'ombe na Mungu akawapa watoto wawili, Evelina mwaka 2013 na Jordan mwaka 2016.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na mjue kwamba asubuhi hii kaka yake Raphael alinishika mkono akaniambia, "Shangazi, soma tu kwamba aliugua kwa muda mfupi," nikamwambia Raphael, miaka minne ni muda mfupi kwa mlima, kwa mtu siyo. Emiliana aliugua saratani ya titi, iligunduliwa Februari 2021, akakatwa titi la kushoto mwezi wa nne, akaanza dawa za dripu, nywele zikaisha, na kwa kuwa alikuwa na kompyuta na hakuwa na wa kumwambia, akafungua blogu, akaiita Kipara cha Mama, na siku ya kwanza kabisa akaandika kwamba akila ugali ni kama analamba bati la nyumba, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inamfanya atamani kuhama mtaa.

Chini ya maneno hayo akajibu mtu asiyemjua, fundi cherehani wa Kondoa, akaandika, "Dada, hilo bati mimi nalila miezi miwili sasa, weka limao, na jirani mwambie achemshe." Huyo ndiye Restuta, naye titi, naye kipara, na tangu siku hiyo wakawa wanaandikiana, huyu anaandika juu huyu anajibu chini, wanataniana vipara, wanaulizana choo kama manesi, na wagonjwa wengine wa Singida, wa Iringa, wa wapi huko, wakawa wanakuja kusoma na kuuliza, lakini hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Mwezi wa nane mwaka 2023 saratani ikarudi, Emiliana akaambiwa aanze dripu upya, akaenda mara moja akachoka, akaacha, akamwambia mumewe anakwenda na kumbe anakwenda kukaa dukani, anakunywa mizizi ya mganga aliyoletewa kwenye dumu la njano, na kwenye blogu anaandika, "Nimetoka dripu leo, Mungu ni mwema, jioni nimekula chipsi mayai." Restuta alisoma hayo akiwa cherehanini, akasimamisha mguu, kwa sababu Emiliana akitoka dripu alikuwa hawezi kupita hata karibu na karai la mafuta, sasa chipsi zimepitaje, basi akafunga kibanda, akapanda basi la Dodoma, hakumwambia mtu.

Alifika Chang'ombe Denis akiwa nyumbani, akapiga hodi, Emiliana akatoka na kanga yake, "Karibu, sijui nani mwenzangu?" na yule mgeni hakukaa wala hakuitikia karibu, akasema, "Nyoosha mkono." Emiliana akanyoosha, mgeni akaugeuza huku na huku, akauliza, "Sindano ya juzi iliingilia wapi?" na Emiliana akaijua ile sauti ya maandishi, akasema, "Restuta?" akataka kumkumbatia, mwenzake akarudi nyuma hatua, "Usinikumbatie kwanza, iliingilia wapi?" Denis amesimama pale, ndiyo kwanza anasikia, uso umemkauka, na Restuta akasema maneno ambayo Emiliana hakuyasahau, "Mimi Jumatatu nakwenda kuchomwa kwa sababu nimesoma wewe umekwenda, sasa ukinidanganya wewe, mimi nishike nini?"

Basi wakalia, wakala, Restuta akalala pale, na kulipokucha wakapanda bajaji wote wawili mpaka hospitali, dawa zikaanza upya, na lile dumu wakalimwaga kwenye mpapai wa uani, mpapai ambao ulikuwa hauzai, na mwaka uliofuata ukazaa, Emiliana akawa anawaambia wageni kwamba mganga hakuwa mwongo, alikosea mgonjwa tu. Siku hiyo ya dumu wawili hao walikula yamini kwamba kudanganyana basi.

Mwaka huu 2025, mwezi wa sita, ikawa zamu ya Restuta, ya kwake ikarudi upande wa pili, akapewa siku ya operesheni Dar, akafika mpaka korido, akamwona mwanamke mmoja anatolewa kwa machela, akageuka akachukua mkoba, Luka anamwita hageuki. Emiliana wakati huo ini lilikuwa limeshaingiliwa, macho ya manjano, akampigia simu, akamwambia, "Omba siku nyingine, na siku hiyo asubuhi nitakuwepo, utanisoma kabla hawajakubeba." Restuta akauliza, "Kweli?" Akajibiwa, "Mimi na wewe tunadanganyana?" Siku ikapangwa, tarehe 17 Septemba, ndiyo leo.

Mwisho wa mwezi wa nane madaktari wakamwambia Emiliana arudi nyumbani akae na watoto, akaelewa, akahesabu, akaona hafiki, na hapo ndipo aliponiomba nimwekee mito mgongoni na kompyuta mapajani, kumbe blogu unaweza kuandika leo na kuiamuru itoke siku unayotaka, akaandika akitapika katikati, ya Jumapili, ya Jumatatu, ya Jumanne, ya leo, zote zitoke saa moja kamili asubuhi. Nikamuuliza, mwanangu, si mliapa? Akasema, "Shangazi, yote niliyoandika nayafikiri kweli, tarehe tu ndiyo siyo yake."

Akafariki Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, alasiri, nyumbani kwake, Denis amemshika mguu, na tangu siku hiyo mpaka leo alfajiri mwili ulikuwa mochwari huku blogu inaongea, jana ameandika hamu ya mlenda, mama mmoja wa Majengo akaisoma hapa msibani akaidondosha simu kwenye ndoo ya maji, na leo amemwandikia Restuta, "Ingia, mimi niko mlangoni."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumkaripia, majirani wa Chang'ombe mliopika na kuchota maji, wenzake wa steshenari, wanafunzi mliochanga, na wasomaji wa Kipara cha Mama mliokuja kwa mabasi. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama, kaka, dada, na Restuta, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza asomwe kati ya ndugu, siyo kati ya marafiki.

Na kama mnajiuliza habari za cherehani na za korido nimezitoa wapi wakati sikuwepo, zimetoka kwa Restuta mwenyewe, amenipigia leo kwa simu ya muuguzi kabla hawajamvalisha gauni la operesheni, akaniambia, "Shangazi, pole na msiba." Nikasema msiba gani tena mwanangu, akasema, "Usinichoshe, Emiliana hajawahi kuandika saa moja kamili, mgonjwa anaandika akipata nafuu, hii inatoka kila siku kama taarifa ya habari." Nikamuuliza sasa unaondoka, akasema, "Ameshalala na bado ameniandikia yuko mlangoni, nimwache hapo? Naingia. Ila Luka asijue kama najua, tangu Jumapili anakwenda kulia chooni akirudi anasema ni mafua, mwacheni amalize." Kwa hiyo hicho ndicho mlichoapia, watu wa Kondoa mmenisikia, wa kufichwa siyo Restuta, ni Luka.

Lala, Emiliana, mikono yako haitafutwi mshipa tena, mwenzako ameingia.