Fundi Viatu Ni wa Mlango Gani

Benchi la kibanda changu cha kahawa lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi hukaliwa na wanaume wenye maneno mengi kuliko kazi. Juzi Fundi Viatu alikuja mnyonge. Jioni wangefika watu kumposa bintiye, na walikuwa wametuma kuuliza nyumba ile ni ya dini gani. Hajui. Ijumaa hukaa mlangoni pa msikiti akishona viatu vya wanaosali, Jumapili mlangoni pa kanisa akivipaka rangi. Mahubiri yote kayasikia, ndani hajaingia kokote. Wa Ijumaa humdhani wa Jumapili, na wa Jumapili humdhani wa Ijumaa. Mkewe alikwenda zake zamani, na dini yake akaondoka nayo.

Kinyozi akasema dini ya mtu hujulikana anapozikwa.

— Wageni wanakuja saa kumi, nikamwambia. Afe saa ngapi?

Dereva, tunayemwita Spika kwa sauti yake, akasema dini ni jina linalokutoka nyundo ikikugonga kidole.

— Mimi humtukana aliyeunda nyundo, Fundi akajibu.

Mwalimu mstaafu akaamua kuwa jamaa anazo zote mbili.

— Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja.

— Hiyo ni ya walevi, Mwalimu.

Hakunisikia. Akaendelea kwamba mwenye dini hasa ni akaaye mlangoni, kwa kuwa wengine huingia wakatoka, yeye habanduki. Spika akaona basi ianzishwe dini ya mlangoni. Kinyozi akajipa uongozi kabla haijapata muumini.

Fundi alikuwa akizungusha kikombe tu.

— Jamani, nikisema uongo, atakayeishi nao kule ni mwanangu.

Binti mwenyewe alikuwa kasimama nyuma yetu, katoka kwao ng'ambo ya njia, mikono ina povu la mapazia aliyokuwa akifua kwa ajili ya wageni.

— Shikamooni. Baba, mimi kila usiku kabla ya kulala huwa naomba. Wakiniuliza, niseme naomba kwa dini gani?

Tulishinda tukimpima baba. Binti hakuna aliyemkumbuka. Mwalimu akatazama viatu vyake. Spika, ambaye hata kahawa ikimuunguza hanyamazi, akaingiza uso kikombeni.

— Kumbe huwa unaomba? Fundi akasema.

Binti akangoja jibu. Kisha akajifuta povu kwenye kanga, akarudi kwenye mapazia.