Beji Aliyoitolea Sikio: Maisha ya Angetile Andrea Mwakalukwa, 1977–2024

Mchungaji, wazee wetu, ndugu waombolezaji, mugonile. Mimi ni Jubilate, mdogo wake marehemu, fundi cherehani wa Ipinda sokoni. Kusema mbele za watu sijazoea, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Marehemu Angetile alizaliwa tarehe 9 Agosti 1977 katika kijiji cha Ikombe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Andrea Mwakalukwa, mvuvi, na mama yetu Elizabeth, mfinyanzi wa vyungu. Wote wawili wametangulia. Alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Alipokuwa na miaka minane, mtumbwi uliokuwa ukipeleka vyungu sokoni Matema uliyumba, vyungu saba vikazama. Marehemu alipiga mbizi akavitoa kimoja kimoja hadi vikafika sita. Alipotaka kurudia cha saba, mama alimshika mkono. "Basi, baba. Hicho kiache." Alilia njia nzima. Hakuwa mtu wa kuacha kitu chini.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1992. Mimi niliishia hapo. Yeye aliendelea na sekondari Kyela mjini, akahitimu kidato cha nne mwaka 1996.

Mwaka 1998 alijiunga na jeshi, akapangiwa wanamaji, Dar es Salaam. Mwaka 2004 alifuzu kozi ya uzamiaji na kuvishwa beji yake kifuani. Walianza kozi ishirini na wawili, wakafuzu watano. Mwaka 2010, akikagua chini ya meli, kiwambo cha sikio lake la kushoto kilipasuka. Sikio hilo halikusikia tena. Daktari alimwandikia barua kwamba asizame tena kamwe, kwa sababu maji yakiingia sikioni kichwa kitazunguka, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Mwaka 2011 aliagwa jeshini kwa heshima. Alirudi nyumbani na beji na barua. Beji aliifunga katika kitambaa. Barua aliiweka chini ya godoro.

Alifunga ndoa na Neli, binti wa Ipinda, tarehe 27 Septemba 2003, na walijaliwa watoto wawili, Lutengano na Kisa. Walilima mpunga na kakao. Nyumbani mkewe alijua kukaa upande wake wa kulia. Wageni walidhani ni mapenzi, na marehemu aliwaacha wadhani hivyo. "Hata ni kweli," alisema.

Mwishoni mwa mwaka jana aliomba kazi ya ulinzi kwenye ghala la mpunga. Aliambiwa kila mlinzi lazima awe na cheti cha mgambo, hata aliyekuwa jeshini. Basi tarehe 15 Januari 2024, akiwa na miaka arobaini na sita, marehemu alianza upya kama kuruta pamoja na vijana wa umri wa mwanawe. Hakunung'unika. Lakini asubuhi ya kwanza alisimama mstarini na beji yake kifuani.

Mkufunzi wao, Sajenti Wilson, alimsogelea. "Kuruta, hiyo umeiokota wapi?"

"Nimeitolea sikio, afande."

Vijana walicheka. Sajenti hakucheka. "Hapa kuruta hana cheo. Toa."

"Cheo nilikirudisha, afande. Hii si cheo. Hii ni kazi niliyofanya kwa mwili wangu."

Sajenti aliichukua ile beji, akaondoka nayo kwenda kuuliza wakubwa wake. Siku ya tatu aliirudisha mbele ya wote. "Nimeuliza. Ni haki yako, ivae. Ila mwenye beji akiitwa, aitike."

"Ndiyo, afande."

Jioni hiyo alikuja kwangu kibandani. "Mdogo wangu, pini haitoshi. Ishone pembeni, pande zote." Niliishona kwa uzi mara mbili, ule wa kushonea magunia. Nilimwuliza kama sajenti anajua habari za sikio. Akasema, "Shona."

Kuanzia hapo kuruta wenzake walimwita Mzee wa Kina. Ndoo ikidondoka kisimani, walimwambia, "Mzee wa Kina, sisi tuna beji gani?" Alishuka kwa kamba, kichwa juu ya maji, akaitoa. Kila aliporudi nyumbani alishika ukuta kwanza, ndipo akavua viatu. Shemeji Neli alimwomba, "Baba Lutengano, mwambie afande."

"Nikimwambia, hii beji itakuwa ya nini? Zimebaki wiki tano."

Mvua za Aprili mnazijua. Jumanne, tarehe 9, kuruta walikuwa wakivushwa Mto Mbaka kwa mtumbwi, wawili wawili na mpiga kasia. Marehemu alikuwa amekwisha vuka. Gogo lilikuja na maji likaupindua mtumbwi. Mpiga kasia aliushikilia. Binti Asifiwe na kijana Yusto walizama. Sajenti Wilson hakumtuma marehemu. Ameniambia mwenyewe, na ninamwamini. Aligeuka tu, akamtazama kifuani.

Marehemu aliingia. Alimtoa Asifiwe akiwa hai, akamsukuma kwenye matete. Wakati huo Yusto alikuwa amekwisha tupwa na maji ukingoni, chini kidogo, amekumbatia mzizi. Watu wote walipiga kelele, "Yusto yuko huku! Toka! Toka!" Walikuwa upande wake wa kushoto. Asifiwe anasema marehemu alimwuliza neno moja tu, "Mwenzio?" Naye alikuwa akitapika maji, hakuweza kujibu. Marehemu akazama tena, kumtafuta mtu ambaye alikuwa nchi kavu akimtazama.

Wavuvi walimpata Alhamisi, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Beji ilikuwa mahali pake. Uzi haukuachia hata sehemu moja.

Tangu msiba uanze, wengine wameuliza kwa sauti kwa nini sajenti alimwachia mgonjwa aingie mtoni. Familia imekaa, imeomba lisemwe hapa ili lisifuate mtu: sajenti hakujua, wala kuruta hawakujua. Barua imetoka chini ya godoro juzi. Waliojua ni wawili, mkewe, ambaye alimwomba aseme, na mimi, ambaye niliambiwa nishone nikashona.

Mwanawe Lutengano aliomba apewe beji. Mama yake amekataa, na wazee wamekubaliana naye. Asiyeisomea haivai. Sare amevalishwa, beji iko kifuani, na inakwenda naye.

Marehemu ameacha mjane, Neli; watoto wawili, Lutengano na Kisa; na mdogo wake, Jubilate. Jeneza litabebwa na Yusto, Asifiwe na kuruta wenzao, kwa ombi lao. Kwa wote mliolala nasi matangani, ndaga, asanteni.

Apumzike kwa amani kaka yangu, mtu aliyeitika kila alipoitwa. Nasi tuliobaki tusimwite tena.