Muchangi na Maji Yaliyoshuka Usiku

"Kwani huyo dereva wenu anakunywa hiyo maji?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo Mama Kagure alimuuliza jirani yake Watiri, wakiwa uani mwa kanisa kule Wamagana. Hakuwa anacheka.

Leo tunamkumbuka Muchangi, aliyekuwa dereva wa gari la kanisa, aliyezikwa Alhamisi. Alizaliwa Kerugoya, akaoa Wamagana, akaitwa Baba Nduta kwa jina la mtoto wake. Aliwapeleka wagonjwa Nyeri mjini, na wajawazito walisema hakuna aliyepita mashimo kwa upole kama yeye.

Lakini alikuwa mtu wa kuja. Na Watiri, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa na macho. Gari likirudi jioni alifungua boneti, akatazama chupa ya akiba ya yale maji ya kijani ya rejeta, ya kupoza injini. Akatia alama kwa rangi ya kucha ya binti yake. Asubuhi maji yako chini ya alama. Jioni yamepanda tena.

Usiku anayauza kule mtaani Majengo, Watiri aliwaza. Mchana anarudisha, ati tusijue.

Kamati ya kanisa ikamwita.

"Mama, maji ikishika moto inafura," Muchangi akasema. "Inatoka kwa rejeta, inaingia kwa chupa. Injini ikipoa, rejeta inaivuta irudi. Hakuna mtu ameiba."

"Inatembea yenyewe?" Mama Kagure akadakia. "Basi tuitume soko."

Wakacheka. Wakamnyang'anya ufunguo wa gari.

Jumapili, dereva mwingine aliendesha gari. Liliporudi, Watiri aliweka kiti mbele ya boneti iliyo wazi, Biblia mapajani, jicho kwenye chupa. Aliletewa chai, ikapoa kando yake. Na injini ikapoa. Hakuna mkono ulioigusa chupa. Maji yakashuka polepole, mpaka chini ya alama yake mwenyewe.

Nirudie kwa aliyefungua redio sasa hivi: hakuna aliyeiba. Maji yalipata moto yakafura. Yalipopoa, yakarudi kwenye rejeta.

Baada ya hapo Muchangi alichuma majani chai mpaka mwisho wake. Mkewe Njoki anasema, "Hakuongea hiyo maneno kwa nyumba. Lakini gari ya kanisa ikipita, alikuwa anasimama akisikiza injini."

Pole, Njoki, wewe na watoto. Mungu awafute machozi. Nasi tujiulize: ni nani tumemtia alama, na tumekaa naye kitako hata mara moja tukaangalia vizuri?

Kabla hatujainamisha vichwa, mjue yale yalivyoisha. Watiri aliiita kamati tena Jumapili ileile, akamtuma mtu amwite Muchangi. Akasimama mbele ya wote.

"Baba Nduta, nimeona na macho yangu. Nilikukosea. Shika ufunguo."

Muchangi aliushika. Akatoka kwenda uani, akawasha injini, akaisikiliza kidogo, akaizima. Akarudi, akauweka ufunguo mezani mbele ya Watiri.

"Gari iko sawa," akasema. "Tafuteni dereva."

Akavaa kofia yake, akatoka.