Siti ya Nyuma ya Marehemu Honi

Unaguna nini? Hadithi haijaanza, wewe umeshaguna. Kama umekuja kusikiliza, sikiliza. Kama umekuja kupima uongo, mizani iko sokoni. Wapo watu waliopekua nyumba nzima wakitafuta miwani, wakagombana na jirani, wakamnunia mke, na miwani yenyewe imewakalia puani. Na walikuwa na akili zao timamu, pengine kuzidi zako. Basi funga mdomo, fungua masikio.

Pale barabara ya mafundi inapokunja kuelekea sokoni kuna nyumba yenye mlango wa kijani uliochubuka. Ndani ni jiko la Bibi Wembe. Nje, chini ya dirisha lake, kuna benchi refu lililoegemea ukuta, limevikwa turubai la bluu lililopauka kwa jua. Bibi aliuza kahawa dirishani, na maneno aliyatoa bure. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelikumbuka. Wembe ulikuwa ulimi. Shule aliishia madarasa ya chini, lakini watu aliwasoma bila kutamka herufi. Wateja wa benchi walikuwa wale wale: Redio, kinyozi asiyezimika; Tani, fundi matairi, ambaye akikaa wenzake hunyanyuka kidogo upande wa pili; na Mzee Kamusi, tarishi mstaafu, aliyebeba mafaili ya wakubwa mpaka akadhani na elimu yao ilimwingia kwapani. Wa nne alikuwa Honi, fundi cherehani, mwenye gari la zamani la rangi ya maziwa. Huyo walikuwa wamemzika juzi.

Siku hiyo walikaa watatu mahali pa wanne, na bado walibanana.

— Springi imenichoma tena, alisema Tani, akijisogeza. Bibi, hili benchi lako lina meno.

— Lina meno kwa sababu unalitafuna kwa makalio, alijibu Bibi Wembe kutoka dirishani. Kunywa kahawa.

— Mwacheni mwenzenu, ana majonzi, alisema Redio. Juzi makaburini alilia kama tairi linalovuja. Psssss! Watu wakadhani ni gari la msiba limepata pancha.

— Na wewe je? Ulimshika bega mbeba jeneza ukamwambia nywele zake zinahitaji kupunguzwa!

— Nilikuwa nampa pole.

— Pole ya mkasi!

Mzee Kamusi alikohoa. Akikohoa hivyo, kila mtu alijua methali iko njiani.

— Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Marehemu alikuwa rafiki yangu kuliko wenu wote.

— Haraka imeingiaje hapo, mzee?

— Imeingia. Ninyi hamkusoma tu.

Mara honi ikalia konani. Vichwa vyote vitatu viligeuka, hata Bibi Wembe aliinamisha shingo nje ya dirisha. Marehemu hakupita kona ile bila kuipigia honi, awepo mtu asiwepo. Alikuwa akisema kona nayo ina haki ya kusalimiwa. Lilikuwa gari jipya la mtu wasiyemjua, limembana mpanda baiskeli. Likapita. Walirudisha macho vikombeni.

— Kesho wanakuja, alisema Tani kwa sauti ya chini.

Wote walijua ni kina nani. Wenye magari ya zamani wana desturi yao. Mwenzao akifa, magari yote husafishwa, hupangwa mstari, na la marehemu hutangulia. Rafiki mmoja hushika usukani, na mjane hukaa nyuma kama malkia, akazungushwa barabara zote ambazo mumewe alizoea kupita. Lakini gari lazima liwe zima. Gari la Honi lilikuwa zima kwa kila kitu, isipokuwa siti ya nyuma. Miaka mingi lilitembea bila siti ya nyuma. Mahali pake palikuwa na vyuma vitupu na kopo la mafuta ya cherehani, na hakuna aliyejua siti ilikwenda wapi. Wenzake wa magari walijitolea kuazima nyingine. Mjane akakataa kukalia siti ya gari la watu.

— Mimi nasema aliitoa kupunguza uzito, alisema Tani. Injini ilikuwa ya kizee. Gari ni kama mtu, ukilipunguzia tumbo linapanda mlima.

— Basi wewe anza leo, alisema Bibi, kesho tukuone juu ya ukuta.

— Hapana, hapana, alisema Kamusi. Ukiona vyaelea vimeundwa. Siti ile aliing'oa kwa akili, ili asimbebe mama mkwe. Mama mkwe akisema nipeleke, anamwambia, mama, utakaa wapi? Juu ya kopo?

— Mama mkwe wake alikufa kabla hajanunua gari!

— Ndiyo maana nikasema kwa akili. Alijihadhari mapema.

— Na mimi nina jingine, aliendelea Tani, akiona kahawa imemtia nguvu. Pengine kuna mkubwa aliwahi kuikalia zamani, rais au mfalme. Matajiri wa ng'ambo wakanusa, wakaja usiku, wakaichukua. Sasa hivi iko nyuma ya kioo kwenye makumbusho, watu wanapanga foleni kuitazama.

— Kuangalia alama ya makalio ya mfalme?

— Watu wa ng'ambo wanaangalia hata mifupa ya samaki, sembuse makalio ya mfalme!

Redio alikuwa ametulia, na Redio akitulia ujue anatafuta stesheni. Akashusha kikombe.

— Ninyi watoto. Siti ile iko kwa mwanamke.

— Toka hapa!

— Nyuma ya soko. Chumba kizuri, pazia la maua. Siti ndiyo kochi la sebule. Honi alikuwa akifika jioni, anakaa katikati, na yule mwanamke anapiga honi kwa mdomo, pii pii! Ndiyo furaha yao.

— Umeona kwa macho?

— Kinyozi haoni, anasikia. Jana mteja wangu mmoja nilimweleza, akakubali kwa kichwa.

— Ulikuwa umemshikia wembe shingoni, alisema Bibi. Angekubali hata kuwa yeye ndiye huyo mwanamke.

— Na mimi nakubaliana na Redio, alisema Kamusi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakamtazama, maana safari hii methali ilikaribia kukaa mahali pake, na jambo hilo halikuwa la kawaida. Tani alicheka mpaka springi zikalia chini yake, kwii, kwii. Bibi Wembe hakucheka. Alikuwa amemwona mwanamke kijana amesimama pembeni ya ukuta, mkononi kitambaa cha kufutia gari, na kwa namna alivyokikamata ilionekana amesimama pale tangu pii pii.

Alikuwa binti wa Honi, aliyeolewa mji wa mbali, amekuja kwa msiba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, marahaba, walijibu kwa pamoja, wakifuta midomo kana kwamba maneno yameacha povu.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Kamusi.

— Sijui kama nimeleta cha kuponya, babu. Mama amesema kesho hatoki. Jana mume wa jirani alirudi kutoka kunyolewa na habari kwamba siti iko kwa mwanamke nyuma ya soko. Miaka yote mama alimuuliza baba, naye anajibu, iko kwenye kushonwa. Siti gani inashonwa mpaka fundi anakufa? Mama anasema kama baba alimpa mwanamke mwingine siti yake, basi huyo mwanamke aje akae kesho. Yeye hapandi, na lile gari liuzwe.

Tani alimtazama Redio. Kamusi alimtazama Redio. Redio aliangalia viatu vyake kwa bidii, kama ndiyo kwanza anavinunua.

— Mimi nilisema pengine, alisema.

— Hukusema pengine, alisema Tani. Ulisema pazia la maua.

Binti hakuwagombeza, na hilo ndilo liliwauma. Angepiga kelele wangejitetea. Yeye alisogea, akataka kukaa maana miguu ilikuwa imechoka, na Tani akanyanyuka haraka kumpisha. Mkono wa binti ukapapasa ukingo wa turubai. Ukasimama. Ukarudi nyuma, ukapapasa tena.

Pindo lote la turubai lilikuwa limeshonwa mistari miwili, uzi mwekundu, na kila ulipofika kwenye kona uzi ulirudi nyuma kidogo kabla ya kukunja. Sare zake za shule, alizoshona baba yake, zilikuwa hivyo. Mito ya kwao ilikuwa hivyo. Hata soksi.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Hili turubai nani aliwashonea?

Swali dogo, mtoto wa chekechea angelimudu. Redio aliliinamia, akalikagua kama kichwa cha mteja. Tani alitazama benchi kama analiona leo. Mzee Kamusi alikohoa, wakasubiri. Akakohoa tena, methali haikuja.

— Lilikuwepo tu, alisema Tani mwishoni. Benchi la mbao lilivunjika nikiwa nimekaa, asubuhi yake tukakuta hili. Bibi alisema kalitengenezesha.

Sasa waligeukia dirishani.

Bibi Wembe alikuwa ameshika kitambaa cha birika, hakifuti kitu. Alikuwa anaisikia asubuhi ile. Honi kashuka na siti mgongoni kama mchukuzi, kaja na fremu ya mbao, misumari na turubai, anahema. Bibi alimwambia, una wazimu wewe, na gari? Akajibu, gari lina siti mbili za mbele, mimi nina makalio mamoja. Bibi akasema, basi nitawaambia wakushukuru. Ndipo Honi alipomshika mkono, naye hakuwa mtu wa kushika watu mikono. "Usiwaambie. Mtu akijua amekalia hisani hakai, anachuchumaa. Niahidi." Na mkeo? "Nitamwambia iko kwenye kushonwa. Si uongo, tazama, nashona." Mpumbavu yule. Wema wa kupindukia ni ugonjwa, na wanaougua ni wake za watu.

Bibi aliahidi, na ahadi yake haikuwahi kuvuja hata tone. Lakini ahadi kwa aliye kaburini ni jambo moja, na mke wake kulala na uchungu wa mwanamke asiyekuwepo ni jambo jingine. Alichukua kisu cha kukatia vitunguu, akatoka nje.

— Nyanyukeni.

— Bibi, kisu cha nini?

— Nimesema nyanyukeni!

Wakanyanyuka kama watoto wa shule. Bibi akapitisha kisu kwenye ule uzi mwekundu, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Uzi ulikataa kukatika kirahisi, akautukana. Turubai likaanguka.

Chini yake palikuwa na ngozi nyekundu iliyofifia, mishono ya mawimbi, na upande wa kulia doa jeusi la wino.

Binti aliweka kidole kwenye lile doa.

— Hapa nilimwaga wino nikienda mtihani. Baba alisema tusimwambie mama.

— Baba yako alikuwa na ugonjwa wa kutowaambia watu, alisema Bibi.

Tani alijishika kichwa. Miaka yote ile ya kulalamikia springi! Redio alikaa chini barabarani, akakumbuka kwamba magari hupita, akasimama. Mzee Kamusi alivua kofia.

— Wahenga... alianza.

— Waache wapumzike, mzee, alisema Tani. Shika huku.

Wakashika. Tani upande mmoja peke yake, Kamusi na binti upande wa pili. Redio aliinama kusaidia, Bibi akamzuia kwa ncha ya kisu.

— Wewe hubebi. Wewe unatangulia. Utafika kwa mjane, utamwambia yule mwanamke wa nyuma ya soko ulimzaa wewe kwa mdomo wako.

— Bibi, akinimwagia maji ya moto?

— Utakuwa umenyolewa bure.

— Bibi, alisema binti, na wewe utamwambia nini mama?

— Nitamwambia kweli. Siti ilikuwa kwa mwanamke mwingine, mwanamke huyo ni mimi, na pazia langu halina hata ua moja. Akitaka kupiga, apige, uso wangu hauna kipya cha kuharibika. Lakini kesho atapanda lile gari.

Tani, siti ikiwa imemkaa begani, aligeuka na sura ya mtu aliyekumbuka jambo zito.

— Sasa sisi tutakaa wapi?

— Mtachuchumaa.

— Na kahawa, Bibi? Nilikuwa bado kikombe cha pili.

— Imekwisha.

Birika lilikuwa juu ya makaa, limejaa, linatoa mvuke. Bibi aliingia, akalitua chini, akavua aproni, akajifunga khanga ya kutokea. Alitoka, akatazama ukuta mtupu na alama ndefu ya vumbi pale migongo ilipokuwa ikiegemea. Kisha akaufunga mlango.