Golikipa wa Fulana ya Kijani: Maisha ya Marehemu Donatus Maduhu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza Mzee Donatus Maduhu: anayewasomea haya ni Mbuke, dada yake mdogo. Marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe bila kupakwa rangi, kwa kuwa kitu kilichopakwa rangi alikichukia. Agizo lake linatimizwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika kijiji kilicho karibu na Mhunze, Kishapu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Maduhu, mkulima wa pamba. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini hadi darasa la saba. Alikuwa na akili nyingi na jicho kali. Alimjua ng'ombe wa jirani kwa ukwato, na akiona mwenzake amenakili hesabu alisimama akamtaja mbele ya mwalimu. Marafiki wa utotoni hawakuwa wengi.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika duka la Mzee Jashvant, mjini Shinyanga. Duka hilo liliuza bigijii kutoka Uingereza, na ndani ya kila paketi mlikuwa na kadi yenye picha ya mchezaji wa mpira. Watoto walitafuna bigijii, marehemu akaokota kadi. Alipomaliza miaka minne bila kupoteza hata kiberiti, Mzee Jashvant alimpa kadi moja mpya kabisa ya golikipa aliyevaa fulana ya kijani. Kadi hiyo aliitunza kuliko cheti cha ubatizo.

Baadaye alifanya kazi kwa wanunuzi wa almasi Maganzo, na huko ndiko alikopata lenzi ndogo ya jicho moja ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Mawe yalipoadimika, lenzi ikahamia kwenye kadi. Wakusanyaji walikuja nyumbani kwake Kambarage kutoka Mwanza, Kahama, hata wachimbaji wa Geita waliokuwa wamepata dhahabu kidogo na kutaka kununua tena utoto wao. Marehemu alipima kona kama zimekunjika, akanusa karatasi, akainua kadi kwenye mwanga, kisha akaiweka kando ya golikipa wake. Alitazama herufi za jina. "Herufi za kweli zina vinukta," alisema. Ambayo herufi zake zilijaa wino bila vinukta, aliitoboa kona kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, isije ikauzwa tena. Magesa, mchimbaji wa Nyarugusu, alileta kadi aliyoachiwa na baba yake. Ilitobolewa. Alipolia, marehemu alimrudishia na kumwambia, "Feki haina ndugu, kijana." Alikuwa mtu wa msimamo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Eufrasia, aliyemvumilia hadi jana. Mwigulu alizaliwa mwaka uliofuata. Limi alizaliwa Agosti 1990, kabla ya miezi kutimia, wakati marehemu yuko Geita. Aliporudi alimkuta kichanga kwenye kanga, akatoa lenzi mfukoni, akamkagua masikio na kucha, kisha akamlaza kando ya Mwigulu na kuwatazama kwa zamu.

"Hizi kona si zetu," alisema, akaifunga lenzi.

Masikio yale yalikuwa ya bibi yetu mzaa baba, aliyefariki kabla marehemu hajaweza kutembea, na picha yake haikuwepo. Wazee walimwambia. Akawauliza watampa nini cha kulinganishia. Basi Limi akakua katika nyumba ile kwa jina la "mtoto wa Eufrasia." Alipochumbiwa mwaka 2012, na ng'ombe wa mahari wakafikishwa, baba yake alisimama mlangoni mwa zizi na kuwaambia washenga, "Ng'ombe wa binti wa mtu mwingine hawaingii hapa." Ng'ombe walipokelewa na mjomba. Asiyejua maana ya hilo kwetu Wasukuma amuulize Limi, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa gauni jipya na kusimama hatua chache kutoka zizini, akisikia yote.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2017, na kufikia 2021 macho yalikuwa yamefifia kabisa. Mwigulu, aliyeko Dar es Salaam, alipiga simu. Limi alifunga virago akaja na wanawe. Alimwogesha, akamkata kucha, akampikia uji usio na sukari na kutukanwa kwa sababu hauna sukari. Wageni wa kadi waliendelea kuja, hivyo Limi akawa macho yake: yeye ndiye aliyeshika lenzi na kusema anachokiona, marehemu akatoa hukumu. Alipojisahau akamwita baba, aliambiwa asirudie.

Januari mwaka huu alimwita Mbuke aandike wasifu huu. "Watoto, andika Mwigulu. Basi." Limi alikuwa amekaa palepale na bakuli la uji. Aliendelea kumlisha.

Wiki mbili baadaye alikuja Chirag, mtoto wa Mzee Jashvant, kumjulia hali. Alileta paketi ya bigijii ya zamani ambayo baba yake aliihifadhi bila kufunguliwa, akaifungua hapo kibarazani mbele ya Limi na Mbuke. Ndani mlikuwa na golikipa yuleyule wa fulana ya kijani. Limi alimtazama kwa lenzi. Herufi zilijaa wino, hazikuwa na kinukta hata kimoja. Akaleta kadi ya marehemu, akaziweka pamoja. Chirag akacheka.

"Aah, hii ya mzee ni ya Mwanza, dada Limi! Katoni ililowa mvua ghalani, watoto wanalilia kadi, baba akapeleka moja kwa mchapaji. Wakapiga picha, wakachapa zao. Picha ya picha, lazima iwe na vinukta."

"Na zote alizotoboa?"

Chirag akaacha kucheka. "Hizo zilikuwa zenyewe."

Ndani, mgonjwa aliita aletewe kadi ya mgeni. Limi aliingia na kadi mbili mkononi.

"Herufi zinasemaje?"

"Moja ina vinukta. Nyingine imejaa wino."

"Feki hiyo. Itoboe."

"Nitoboe ile feki?"

"We binti, hujui kazi? Ile feki!"

Limi alichukua shazia akaitoboa kadi ya golikipa wa Mwanza, akamwekea kiganjani. Marehemu alipapasa tundu kwa kidole gumba, akatabasamu. "Mkono haukutetemeka. Huo mkono wetu." Akamtafuta kwa kupapasa, akamshika kichwa. "Ng'wanone," alisema, na kwa Kisukuma huko ni kusema mwanangu. "Mbuke, mwongeze Limi."

Mbuke alimfuata Limi jikoni akilia kwa furaha.

"Shangazi, usiniandike."

"Kwa nini, mama? Si amekubali?"

"Amenipima kwa kipimo kilekile."

Marehemu alifariki dunia tarehe 9 Februari 2025, nyumbani Kambarage, mikononi mwa Limi. Hakuambiwa. Alikufa ameridhika. Kadi yake imo kwenye mfuko wa shati aliloshonewa kwa safari hii.

Wenye kadi zilizotobolewa, tunajua wengine mpo hapa makaburini. Magesa, tunakuona. Ya baba yako ilikuwa ya kweli. Familia haina cha kukupa ila pole.

Marehemu ameacha mjane, Eufrasia, dada, Mbuke, mtoto mmoja, Mwigulu, na wajukuu wawili. Limi na wanawe watatu hawamo katika hesabu hii, kwa ombi la Limi mwenyewe. Ndiye atakayetangulia kuweka udongo.

Mungu ampokee Donatus kama alivyo, asimtoboe kona. Alale salama.